Harufu ya Karafuu Katika Miembe ya Ukambani

Barabara inayotoka Emali kwenda Wote huanza katika tambarare ya migunga na vichaka vikavu na, kadiri inavyouacha nyuma msongamano wa malori ya barabara kuu ya Mombasa, huingia taratibu katika nchi ya miembe, ambako boma moja lina miti kumi, jingine hamsini, jingine mia kadhaa, na ambako hesabu za familia hulifuata tunda hilo kwa karibu kuliko zinavyoifuata kalenda ya ukutani. Mavuno makuu ya Makueni huangukia kati ya Desemba na Machi, wakati uleule shule za Kenya zinapofungua muhula wa kwanza, kwa hiyo embe linalokataliwa na mnunuzi mwezi wa Januari ni karo iliyopungua, na msafiri anayetaka kuielewa habari ya nzi wa matunda katika sehemu hizi hana budi kuanzia hapo, katika uhusiano wa mwembe na daftari la mtoto, kabla hajafika kwenye elimu ya wadudu na kemia ya harufu.

Nzi anayehusika si yule wa jikoni wala wa jaani. Ni mdudu wa urefu wa milimita zipatazo nane, mwenye kifua cheusi au cha kahawia kilichopigwa mistari miwili ya manjano, mabawa maangavu yenye ukingo mweusi, na alama mfano wa herufi T mgongoni pa tumbo lake. Wataalamu humwita Bactrocera dorsalis, nzi wa matunda wa mashariki, jina linalotangaza asili yake ya Asia. Barani Afrika alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 2003, katika pwani ya Kenya, na waliomtambua walikuwa watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha elimu ya wadudu kilichoasisiwa Nairobi na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Mwaka 2005 alipewa jina la Bactrocera invadens, yaani mvamizi, kwa kuwa alidhaniwa kuwa spishi ya peke yake, na jina hilo likadumu hadi 2015, ilipokubaliwa kwamba mvamizi wa Afrika na yule wa Asia ni mdudu mmoja. Hakuikuta miembe ikiwa huru, kwani nzi wenyeji walikuwapo tangu zamani, hasa Ceratitis cosyra, aitwaye nzi wa mng'ongo kwa sababu hulipenda tunda la mti huo wa porini. Lakini mgeni alimpiku mwenyeji, na utafiti uliofanywa Nguruman, upande wa Magadi, ulionyesha kwamba miaka michache tu baada ya uvamizi yeye ndiye aliyejaa katika mitego na katika matunda yaliyookotwa.

Kazi yake hufanyika kimya. Jike mwenye mayai yaliyokomaa hulitafuta embe linaloanza kukomaa, hulitoboa kwa mrija mwembamba ulio mwisho wa tumbo lake na kuyaacha mayai chini ya ganda, mahali ambapo dawa ya kunyunyizia haiyafikii. Kwa nje hubaki nukta ndogo kama ya sindano, ambayo mara nyingine hutoa tone la utomvu linaloganda kama gundi. Baada ya siku chache sehemu hiyo hulainika, hubonyea na kuingia weusi, na mtu akilipasua tunda hukuta funza weupe wanaopindana ndani ya nyama iliyogeuka maji. Funza waliofikia ukubwa wao hujikunja hadi kichwa kikutane na mkia, kisha hujifyatua na kuruka, na kwa miruko hiyo hufika udongoni, wakajifukia sentimita chache na kugeuka pupa, yaani kile kifuko kigumu cha rangi ya kahawia ambamo funza hubadilika kuwa nzi. Safari yote kutoka yai hadi nzi mpya huchukua majuma matatu hadi manne katika joto la nchi hii, hivyo msimu mmoja wa maembe hubeba kizazi juu ya kizazi, na embe moja lililoachwa kuoza chini ya mti huweza kurudisha hewani makumi ya nzi. Maandishi ya icipe huitaja hasara ya maembe pale pasipochukuliwa hatua kuwa kati ya asilimia 40 na 80, na hasara hiyo haihitaji mizani ili kuonekana, kwa maana dalali mzoefu hana haja hata ya kisu: hulibonyeza embe kwa dole gumba, akalitupa upande wa pili wa kreti.

Mjini Wote na katika vituo vya biashara vinavyouzunguka, msimu unapochacha, malori hupakia embe la aina ya Apple, tunda la mviringo lenye shavu jekundu ambalo ndilo limetawala mashamba ya Makueni, pamoja na Kent, Tommy Atkins na ngowe la kale. Sehemu kubwa huenda Nairobi na Mombasa, sehemu nyingine kiwanda cha Kalamba, kilichojengwa na serikali ya kaunti enzi za gavana Kivutha Kibwana ili embe ambalo soko la tunda zima limelikataa kwa sura lipate thamani kama rojo na sharubati. Soko la Ulaya lilikuwa na masharti mengine. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisitisha kupeleka maembe katika nchi za Umoja wa Ulaya, baada ya funza kukutwa mara kwa mara katika shehena zake, kwa kuwa ilikuwa heri kujizuia kuliko kufungiwa. Kuanzia Septemba 2019 Umoja huo ukaweka sharti la maandishi kwamba embe litoke katika eneo au shamba lililothibitishwa kutokuwa na nzi hao, au liwe limepitishwa katika tiba inayowaua, kama ile ya kulichovya tunda katika maji ya moto ya nyuzi 46 na ushei kwa muda uliopimwa. Mlango ulifunguliwa tena mwaka 2021, chini ya macho ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea. Miaka saba ni umri wa mwembe uliobebeshwa kutoka kitaluni hadi kuzaa kwa wingi, na walioipanda miti yao wakati soko lile likiwa wazi waliivuna likiwa limefungwa.

Ndani ya habari hii ndipo linapoingia kopo dogo lenye mfuniko wa manjano, linaloning'inia kivulini katika matawi ya mwembe, ambalo msafiri huliona kwanza katika shamba moja, kisha, akishajua linavyofanana, katika mengi. Kanuni yake ina zaidi ya miaka mia. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu Mwingereza wa wadudu, F. M. Howlett, aliyekuwa akifanya kazi Pusa, nchini India, alipata habari kwamba nzi wa matunda walikuwa wakikusanyika juu ya kitambaa kilichotiwa mafuta ya mchaichai wa Ceylon, ambayo watu hujipaka kufukuza mbu. Alipowachunguza aliona kwamba wote walikuwa madume, na katika maandishi yake ya mwaka 1912 na 1915 alieleza jambo hilo pamoja na kemikali iliyowavuta kwa nguvu zaidi, methili eujenoli. Msomaji wa pwani anaifahamu kemikali hiyo kwa pua bila kujua jina lake, kwa sababu ni ndugu wa karibu wa eujenoli, ambayo ndiyo roho ya mafuta ya karafuu, na viwandani hutengenezwa kutokana nayo. Mtu akilifungua kopo la mtego chini ya mwembe wa Makueni, harufu inayompiga ni ile ya gunia la karafuu lililofunguliwa Wete au Chake Chake.

Sababu ya dume kuifuata harufu hiyo inastahili kuelezwa kwa ukamilifu, kwa maana bila kuijua mtu huuona mtego kama uchawi. Methili eujenoli hupatikana kiasili katika mimea mingi, na dume aliyekomaa huitafuta ili aile; mwilini mwake huibadilisha na kuihifadhi katika tezi iliyo mwisho wa utumbo, kisha jioni, jua linapozama na nzi hawa wanapoanza kujamiiana, huitoa kama feromoni, yaani harufu ambayo mnyama huitumia kumwambia jambo mwenzake wa spishi yake, na majike huwafuata zaidi madume waliokula kuliko wasiokula. Kwa dume, kwa hiyo, harufu ya kopo ni ahadi ya kupata mke. Huifuata kutoka umbali wa mamia ya mita akivuka mashamba na makorongo, huingia katika tundu la mtego, hugusa chambo kilichochanganywa na kiuawadudu kama malathioni au spinosadi, na hatoki. Njia hii ya kuwaondoa madume mpaka majike wakose wa kuwarutubisha huitwa na wataalamu mbinu ya kuangamiza madume, na ubora wake mkubwa, kwa maoni ya makala haya, ni kwamba sumu hubaki ndani ya kopo wala haimwagwi juu ya ua, jani na tunda.

Ugumu wa mbinu hiyo uko katika muda. Methili eujenoli ni kioevu kinachovukiza, na kasi ya uvukizi hupanda pamoja na joto, jambo zito katika nchi ambayo mchana wa Februari huikausha hata nguo nzito kwa muda mfupi. Pamba iliyochovywa katika kioevu hicho na kutundikwa wazi hutoa harufu nyingi mno siku za kwanza, halafu harufu hupungua kwa haraka, na mkulima hubaki na kopo ambalo kwa macho ni mtego lakini kwa nzi ni chombo kitupu. Ndiyo maana watengenezaji walitafuta namna ya kuifunga kemikali ndani ya kitu kinachoiachia kidogokidogo: kipande cha ubao laini wa nyuzinyuzi kilicholoweshwa mpaka ndani, kizibo cha plastiki ambacho molekuli hulazimika kupenya katikati ya minyororo yake kabla ya kufika hewani, au nta iliyokorogwa pamoja na chambo na kupakwa tone kwa tone kwenye shina. Katika zote, kinachovukiza juu hufidiwa na kinachosogea kutoka ndani, na kwa kuwa msogeo wa ndani ni wa polepole, harufu hubaki karibu sawa kwa majuma sita au zaidi, ambayo ni zaidi ya kizazi kimoja kizima cha nzi. Nzi aliyekuwa yai siku mtego ulipotundikwa hukomaa na kuukuta bado unanukia.

Mtego wenyewe, ukitazamwa kwa karibu, ni kitu cha unyenyekevu. Ni kopo la plastiki lenye matundu matatu au manne ya kupitisha kidole, waya unaoshika kipande cha chambo katikati ya nafasi yake, na waya mwingine wa kulitundikia tawini, ambao mkulima mwangalifu huupaka grisi. Grisi hiyo si ya kuzuia kutu: ni ya kuwazuia sisimizi, ambao wasipozuiwa hushuka kwa msafara na kuwabeba nzi waliokufa mmoja mmoja, mpaka mwenye shamba anapokuja kuhesabu hukuta chini pakavu na kudhani kwamba nzi wamekwisha. Kopo ambalo waya wake umepakwa vizuri, mwezi wa Januari, huweza kujaa robo au nusu yake kwa mabawa na vifua vyenye mistari ya manjano, na likimiminwa juu ya gunia hutoa mlio wa makapi ya mtama.

Rundo hilo la maiti hudanganya pia, na hapa ndipo wengi walipokata tamaa. Waliomo ni madume, ilhali anayelitoboa embe ni jike. Dume mmoja aliyeponea huweza kuwarutubisha majike kadhaa, kwa hiyo kuwaua nusu ya madume, hata robo tatu, hakupunguzi mayai kwa kiasi hichohicho. Lazima waondolewe karibu wote, na waondolewe mapema, kabla maembe hayajakomaa na kabla idadi haijafumuka. Zaidi ya hayo, harufu inayovuta kutoka mamia ya mita haijui mpaka wa shamba. Mkulima mmoja anayetundika mitego yake kati ya majirani wasiotundika huwavuta madume wa kijiji kizima, huku majike waliokwisha kurutubishwa kwa jirani wakija kutaga kwake bila kuvutwa na chochote isipokuwa harufu ya tunda. Kisa kinachotajwa zaidi katika historia ya mbinu hii ni cha Rota, kisiwa cha Mariana katika bahari ya Pasifiki, ambako Steiner na wenzake walieleza mwaka 1965 jinsi nzi huyuhuyu alivyofutwa kabisa kwa vipande vya ubao vilivyodondoshwa kutoka angani vikiwa na methili eujenoli na sumu. Japani nayo ilimwondoa katika visiwa vyake vya kusini kwa njia ya namna hiyo. Vyote hivyo ni visiwa. Makueni haina bahari ya kuizunguka.

Lakini Ukambani una kitu ambacho Rota haikuwa nacho, na msafiri anakiona ubavuni mwa vilima vya Mbooni na Kilungu hata asipoambiwa. Matuta yanayoukata mteremko ngazi kwa ngazi, ambayo wataalamu wa udongo duniani kote huyaita kwa jina lake la Kiswahili, fanya juu, kwa kuwa udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, yalichimbwa kwa majembe na vikundi vya mwethya, ule ushirika wa Wakamba wa kufanya kazi kwa zamu, leo shambani kwa huyu na kesho kwa yule. Enzi za ukoloni mwethya ulilazimishwa na kuchukiwa; watu walipouchukua upya kama mali yao, baada ya uhuru, nchi iliyokuwa imetangazwa kuharibika kwa mmomonyoko ilifunikwa na matuta. Sababu iliyoulazimu mwethya katika udongo ndiyo inayoulazimu katika nzi: mtaro wa mtu mmoja hubomolewa na maji ya shamba la juu yake, na mtego wa mtu mmoja huzidiwa na nzi wa shamba la kando yake. Makala haya hayaoni njia nyingine ya kukifanya chambo cha polepole kiwe na maana Ukambani isipokuwa hiyo, kwamba kijiji kizima kitundike juma moja na kibadilishe juma moja, pamoja na mwenye miembe miwili tu nyuma ya jiko, ambaye kwa desturi hakuna afisa wa kilimo anayemkumbuka.

Kutoka Wote msafiri hurudi Emali na kushika barabara ya Mombasa, akipita Kiboko, kilipo kituo cha utafiti cha KALRO, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo na mifugo, kisha Makindu, hadi Kibwezi, ambapo Vilima vya Chyulu hubaki upande wa kusini-magharibi na mibuyu huanza kusimama moja moja kama minara. Hapo barabara ya lami ya Kitui huchepuka kwenda kaskazini, ikavuka mto Athi na kuingia Ikutha na Mutomo. Katika safari hiyo ndefu mtu hupata nafasi ya kuwatafakari wenzi wa chambo, kwa sababu hakikusudiwa kufanya kazi peke yake. Kuna chakula cha protini, ambacho majike hukihitaji ili mayai yao yakomae, na ambacho icipe iliweza kukitengeneza kutokana na masalio ya hamira ya viwanda vya bia. Hutiwa sumu kidogo na kunyunyizwa mara moja kwa wiki juu ya mita moja tu ya mraba ya kila mti. Kuna kuvu aina ya Metarhizium anayechanganywa na udongo chini ya mwembe ili awashike funza wanaojifukia. Kuna nyigu mdogo, Fopius arisanus, aliyeletwa kutoka Hawaii mwaka 2006, ambaye hutaga yai lake ndani ya yai la nzi, na kwa ajili yake wakulima hufundishwa kujenga hema dogo la kutupia maembe yaliyoanguka, lenye wavu ambao matundu yake ni finyu kwa nzi na mapana ya kutosha kwa nyigu, adui akafia ndani na rafiki akatoka. Asiye na hema huyazika maembe hayo nusu mita chini ya ardhi, au huyafunga katika mifuko myeusi na kuyaanika juani. Kati ya yote haya, kuokota ndiko kusikogharimu senti, na ndiko kunakoachwa kwanza. Katika kaunti ya Embu, ambako mchanganyiko wa mbinu hizi ulipimwa mashambani, maembe yaliyokataliwa yalipungua pamoja na fedha zilizotumika kununulia dawa, na kipato kikapanda.

Kitui si Makueni. Mvua yake haina uhakika, miembe imesambaa, ikifuata kingo za mito ya mchanga na vyanzo vya maji, na kati ya boma na boma kuna pori ambamo ming'ongo na matunda mengine ya mwituni huwalea nzi wakati maembe hayapo. Methili eujenoli haimgusi Ceratitis cosyra, ambaye bado anajilisha katika ming'ongo hiyo, wala haimgusi nzi wa maboga na matikiti, anayevutwa na kemikali nyingine iitwayo kyuluri. Mkulima aliyeuziwa kopo moja kama dawa ya nzi wote amedanganywa. Hata hivyo kuna sababu ya pekee ya kulitaka kopo hilo Kitui kuliko mahali pengine, nayo imetundikwa juu ya migunga na mibuyu njia nzima kutoka Mutomo: mizinga ya magogo. Asali ya Kitui na Mwingi inajulikana nchi nzima, na icipe yenyewe imefanya kazi miaka mingi na warina asali wa Mwingi. Anayenyunyizia mwembe uliochanua dawa ya kuua kila mdudu huwaua nyuki wa jirani yake, ambao ndio pia wanaoyachavusha maua ya mwembe wake mwenyewe, wakati sumu iliyofungiwa ndani ya kopo lenye harufu ya karafuu haina la kumwita nyuki.

Mjini Kitui, mvua za vuli zinapokaribia kwisha na maembe mabichi yakiwa ya ukubwa wa yai la kuku, maduka ya pembejeo huweka vipande vya chambo katika pakiti zilizofungwa kwa karatasi ya fedha, kwa sababu pakiti iliyotobolewa huanza kupoteza nguvu palepale rafuni. Anayekinunua hukipachika kwenye waya, huupaka waya grisi, kisha, kabla ya kulitundika kopo upande wa mti usiopigwa na jua la mchana, huandika juu ya mfuniko wa manjano kwa kalamu ya wino usiofutika tarehe ya siku hiyo, na chini yake tarehe ya majuma sita mbele.